Ghala la Chakula Baina ya Upanga na Kariakoo: Mjadala

Kutoka lango la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Upanga Magharibi, hadi Soko Kuu la Kariakoo ni mwendo wa miguu usiotimia saa moja, na katika masafa hayo mafupi yapo mambo mawili ambayo akili huona tabu kuyakubali yakae jirani. Upande mmoja hushushwa, tangu usiku wa manane mpaka alfajiri, shehena za mchele wa Kyela na Ifakara, viazi vya Njombe, vitunguu vya Mang'ola, nyanya za Ilula na kabichi za Lushoto, kwa wingi ambao mgeni huudhania ni wa kulisha nchi nzima. Upande wa pili hukaa, juu ya kanga zilizotandikwa, jamaa za wagonjwa waliopewa rufaa kutoka Kigoma, Lindi na Singida, ambao nauli imewamalizia akiba, na ambao mjini hapa hawana shangazi wala mjomba wa kuwaletea chakula saa ya kutazama wagonjwa.

Suala la namna wafanyabiashara na wakazi wa mitaa hii wawezavyo kuitegemeza benki ya chakula limepata kunenwa mara nyingi na kwa uchungu, ila ni nadra kunenwa na watu wasiokubaliana wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Kwa hiyo nimewakalisha. Wanenao humu si watu wenye majina. Ni hoja ambazo kila aliyekaa barazani Upanga amezisikia, nami nimezipa vinywa: Mwalimu, mstaafu aliyesomesha mjini miaka mingi. Haji, mwenye duka la nafaka za jumla Kariakoo na makazi Upanga. Mama Lishe, ambaye masufuria yake hayako mbali na lango la hospitali. Na Bwana Afya wa kata. Mimi ni katibu wao, na nitakapoingilia maneno yao msomaji atanitambua.

MWALIMU: Jambo hili lina nasaba, na si vema kumkaribisha mgeni kabla hujamuuliza atokako. Mwaka 1967, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona huko Marekani, alikuwapo bwana aitwaye John van Hengel, aliyeacha shughuli za biashara akajitolea katika jiko la kulisha maskini. Na yasemwa ya kuwa ni mama mmoja mwenye watoto wengi, aliyekuwa akiwalisha kwa vyakula vizima vilivyotupwa nyuma ya duka, ndiye aliyemtia wazo kwamba ingefaa pawe na mahali mfano wa benki, mwenye ziada aweke na mwenye haja achukue. Likazaliwa ghala la St. Mary's, na kutoka hapo desturi ikaenea. Wafaransa mwaka 2016 walitunga sheria, ya kwamba duka la chakula lenye eneo lizidilo mita za mraba 400 lisiharibu chakula kinacholika, bali lifunge mapatano na vyama vya ihsani. Jirani zetu wa Nairobi wanayo Food Banking Kenya, iliyoanza mwaka 2017, ambayo hukusanya mboga na matunda yaliyokosa soko na kuyafikisha kwa wahitaji. Basi nauliza bila kuzunguka: Kariakoo, ambayo huwauzia Wakongo, Wazambia na Wakomoro, imeshindwa nini?

HAJI: Taarikhi yako, Mwalimu, nimeipokea kwa heshima zote, lakini umeitoa katika nchi ambazo chakula huzidi ndani ya duka lenye viyoyozi, kikangojea tarehe iliyopigwa muhuri juu ya pakiti, na tarehe ikipita hakina mnunuzi tena isipokuwa pipa. Maduka makubwa ya namna hiyo hapa petu yalikuja yakaenda: Shoprite waliuza yao mwaka 2014, Uchumi wakafunga mwaka 2015, na Nakumatt hawakukawia kuwafuata. Sisi wa Kariakoo tumebaki, na kwetu nyanya haina tarehe, ina saa. Alfajiri tenga lina bei yake, nayo dalali huishikilia. Jua likipanda bei hulegea. Baada ya adhuhuri zile zilizopondeka njiani hutengwa zikaitwa masalo, na mama huyu hapa ni shahidi yangu kwamba huzinunua. Jioni zilizosalia hupangwa mafungu chini, kwa bei ambayo hata mbeba mizigo huimudu. Kila daraja ya bei ina mtu anayeingoja, na wa mwisho kungoja ndiye fakiri kuliko wote. Ukija na gari la ihsani saa nane mchana, ukayazoa masalo yote kwa nia njema na kwa picha gazetini, umempa nani, Mwalimu, na umemnyang'anya nani?

Hapa katibu hana budi kusema kwamba hoja hii ya Haji, ijapokuwa inamfaa yeye mwenyewe kwa kumwondolea wajibu, ni hoja ya kweli, na wengi waandikao juu ya benki za chakula hawakuifikiria kwa kuwa hawakupata kununua fungu la nyanya jioni. Soko ambalo halitupi halina mabaki ya kutoa. Lililobaki ni kuuliza kama lina kitu kingine.

MAMA LISHE: Shahidi nakubali kuwa, lakini Haji asinitumie kama ngao akajificha nyuma yangu. Masalo nayanunua kwa fedha yangu, na kwa nyanya hizo ndipo nampikia ndugu wa mgonjwa mchuzi wake. Mnasema benki, benki. Benki mbona ipo? Kijana wa kubeba magunia asiyepata mzigo siku nzima huja akala, nikaandika kwenye daftari. Wengine hulipa, wengine huhama mji na deni langu. Ndugu wa mgonjwa huja akauliza bei ya wali na maharage, akashukuru, akaondoka, na baadaye namwona kwa jirani ananunua mhogo wa kuchoma wa kugawana watatu. Nikimwita nikampa sahani bure, kesho wako kumi, na mimi mkaa sipewi bure. Sikilizeni niwaambie kinachonielemea: si nyanya. Ni mkaa, ni mchele, ni maharage na mafuta. Hivyo vyote, Haji, mkaa ukiutoa, vimo dukani kwako.

HAJI: Vimo, na vyote nimevinunua.

MWALIMU: Nami naomba nirudi kwenye takwimu, maana mwenye duka hupenda hesabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, nayo ni karibu sehemu moja katika tano ya chakula kilichokwisha kuwafikia walaji.

BWANA AFYA: Na katika hizo, Mwalimu, asilimia 60 zilitoka majumbani, wala si madukani. Hilo nalo ulisome.

MAMA LISHE: Asilimia 60 hiyo imo ndani ya majokofu ya ghorofa zenu hizi. Wasichana wanaofanya kazi humo ndio wanaojua siku ya kuyasafisha.

MWALIMU: Sikatai. Lakini mimi sikuleta habari ya ubahili, kwa sababu Upanga si mtaa wa mabahili. Mtu akipita hapa katika Ramadhani ataona sinia za futari zikitoka misikitini. Akipita Muharram ataona jamaa ya Khoja Ithnaasheri wakigawa chakula cha nyaz na maji ya sabili. Kwenye hekalu la Masingasinga huwa kuna langari, ambayo huliwa na yeyote aingiaye bila kuulizwa dini wala kabila. Makanisani waumini huleta mavuno. Na Mabohora wana jiko la jumuiya ambalo hupika na kupeleka chakula nyumba kwa nyumba kwa watu wa jamaa yao, kwa utaratibu wa saa, wa vyombo na wa hesabu ambao hoteli nyingi haziuwezi. Ilmu ya kulisha watu wengi imekaa katika mtaa huu kwa miaka na dahari. Taksiri yake iko mahali pawili. Ya kwanza, ina misimu: usiku wa kuamkia Idi maskini hupata zakatulfitri, vibaba juu ya vibaba, akakosa hata sufuria ya kutosha kupikia, na Mfunguo Pili ukiingia hakuna amkumbukaye. Ya pili, kila jamaa huanza na wake. Na huyu wa Kigoma aliyekaa nje ya wodi, ni wa nani?

HAJI: Ni mwana wa njia.

MWALIMU: Eleza.

HAJI: Katika sura ya Tauba zimetajwa aina nane za watu wastahikio zaka, na mmojawapo ni ibnus-sabili, msafiri aliyekatikiwa na njia. Wanavyuoni husema kwamba hata kama kwao ni tajiri, maadamu mali yake haimfikii hapo alipokwama, zaka yamhalalikia. Nilisoma hayo chuoni utotoni, nikadhani ni habari za misafara ya ngamia. Sasa umeniuliza huyu ni wa nani, nami sioni jina jingine la kumpa.

MAMA LISHE: Hapo umenena, Haji. Watu hawa mnawataja kama ombaomba, na sivyo. Mwingine kwao ana shamba na ng'ombe, ameuza mmoja kumleta mkewe hospitali. Mkimpanga kwenye foleni na bakuli mkononi, mbele ya lango ambalo madaktari na wanafunzi wanapita, hatakuja. Atalala na njaa, na heshima yake haitaguswa.

Nasita kidogo juu ya maneno haya ya mama, kwa sababu yanaondoa suala mahali wengi walipoliweka. Benki za chakula za Ulaya na Marekani hujengwa juu ya maskini mkazi, ambaye anwani yake yajulikana na ambaye hurudi kila wiki kuchukua kikapu cha vitu vikavu akapike kwake. Mgeni wa Muhimbili hana jiko, na kumpa kilo mbili za unga ni kumpa mzigo. Hitaji lake ni sahani moja ya chakula cha moto kwa siku, kwa majuma machache, kisha huondoka, ama na mgonjwa wake aliyepona, ama na msiba. Kwa hiyo ghala peke yake halimfai, na jiko peke yake halidumu. Lazima viwili hivyo viunganishwe na kitu cha tatu.

BWANA AFYA: Kabla hamjaunganisha, niruhusuni nitie baridi. Najua mtakapofika: mtasema harusi. Ukumbi wa Diamond Jubilee upo hapa hapa Upanga, kumbi nyingine zimetapakaa mjini, na kila Jumamosi pilau husazwa. Sasa pilau iliyopikwa saa kumi jioni, ikakaa ndani ya joto la Dar es Salaam mpaka saa sita usiku, ina vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiichemsha tena asubuhi. Mtampa nani? Ndugu wa mgonjwa, naye atamwonjesha mgonjwa, na mgonjwa huenda ana figo au kisukari na chakula chake kimeandikwa na daktari. Nafaka nazo zina lao. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu wapatao 20, na mahindi yale yalikuwa ya majumbani kwao wenyewe, hayakuletwa na adui. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na shirika hilo halitauliza kama mlikuwa na nia njema.

MWALIMU: Wamarekani waliliona hilo. Mwaka 1996 walitunga sheria ya kumkinga atoaye chakula kwa nia safi, asishtakiwe endapo kitamdhuru mlaji, isipokuwa alifanya uzembe mkubwa au kusudi.

BWANA AFYA: Sheria ya Marekani haitanisaidia nikiitwa polisi Msimbazi. Ushauri wangu ni mwepesi: chakula kilichopikwa kikabaki, kiacheni. Chukueni nafaka kavu iliyokaguliwa, ipikwe siku ile ile, iliwe siku ile ile. Na msijenge jiko moja kubwa la kulisha mamia kwa mkaa, kwa sababu taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikwisha kuamriwa kuacha kuni na mkaa tangu Januari 2024.

MAMA LISHE: Kwa nini mjenge jiko? Majiko yapo. Tupo akina mama wengi kuanzia langoni mpaka barabara ya Umoja wa Mataifa.

HAJI: Unataka tukupe mchele upike uuze?

MAMA LISHE: Nataka mninunulie sahani. Mpeni mtu tikiti, aje kwangu kama mteja mwingine yeyote, akae kwenye benchi, achague maharage au dagaa, akipenda alalamike chumvi. Jioni nahesabu tikiti zangu, mnanilipa sehemu kwa mchele na maharage, na sehemu kwa fedha ya mkaa. Wateja wangu wanaolipa sitakuwa nimewapoteza, kwa sababu mwenye tikiti ni yule ambaye alikuwa hali kabisa.

MWALIMU: Na tikiti atoe nani, zisije zikaishia mikononi mwa wajanja?

BWANA AFYA: Hospitalini kuna maofisa ustawi wa jamii. Ndio wapimao hali ya mgonjwa asiyeweza kulipa matibabu. Wanawajua waliokwama.

HAJI: Mnanizunguka, na naona mnakokwenda. Basi niseme mimi mwenyewe kabla sijasemewa. Hospitali hiyo, wazee, ina wodi zenye jina la Sewa Haji. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Bagamoyo, aliyetajirika kwa kuipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, na fedha yake ndiyo iliyojenga hospitali iliyofunguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1897. Hakutoa mabaki ya duka. Alitoa rasilimali. Kwa hiyo hoja yangu ya masalo naishikilia, lakini nakubali kwamba haikunifungua. Imenifunga zaidi, kwa maana kama sina mabaki ya kutoa basi nikitoa nitatoa kilicho kizima.

MWALIMU: Kibaba kwa kila gunia.

HAJI: Fafanua hesabu.

MWALIMU: Gunia la kilo 100 halali, lisilo na lumbesa, ule ujazo wa kupita kipimo. Kibaba kimoja hakifiki kilo. Haifiki sehemu moja katika mia ya mzigo wako, na katika gunia la lumbesa, Haji, mkulima wa Kyela amekwisha kukupa zaidi ya hicho bila kupenda.

Haji alicheka, na mimi sikuandika alivyojibu habari ya lumbesa, kwa kuwa alijibu kwa sauti ya chini na kwa lugha ya sokoni.

HAJI: Faida yangu katika kilo ni shilingi chache, Mwalimu, na msimu mwingine haipo kabisa. Lakini tuseme nimekubali, na wenzangu wachache wamekubali. Nina masharti. Kwanza, ghala liandikishwe kisheria, liwe taasisi ya ihsani inayotambuliwa, nipate stakabadhi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 hukubali michango ya namna hiyo ipunguzwe katika hesabu ya kodi, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara, nami sioni aibu kuitumia. Pili, sitaki picha. Wapo wanaoleta mifuko mitano ya unga na wapiga picha sita, na kuna kampuni ambazo hundi yao ya karatasi gumu ni kubwa kuliko yaliyoandikwa juu yake. Hiyo ni ria, na ria huila sadaka.

MWALIMU: Hapo mimi nitakupinga. Wewe ukificha, mwenzako ataiga nini? Jina liandikwe katika daftari lililo wazi, kila mwezi, na kiasi chake, bila picha. Daftari si ria.

HAJI: Daftari nakubali. Tatu ni mahali. Tangu moto wa Julai 2021 ulipoliunguza soko lile alilolisanifu Beda Amuli, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, tukatawanywa huku na huku, tumejua thamani ya chumba kikavu chenye mlango. Ghala Kariakoo ni kodi, na kodi Kariakoo ni mauti. Ninyi jamaa za Upanga mna kumbi, mna vyumba chini ya misikiti na mashule yenu, mna majengo yakaayo bure siku tano katika wiki. Chumba kimoja kiwekwe wakfu. Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi za namna hii. Huku bara tutaandikiana wenyewe kwa wenyewe mbele ya wakili.

MWALIMU: Chumba kitapatikana.

HAJI: Cha nani? Kikiwa cha Bohora, Msunni atasema ni cha Bohora. Kikiwa cha kanisa, mimi nitaulizwa na watu wangu.

Hapa ndipo mazungumzo yalipokwama kwa muda mrefu kuliko pote, na kama msomaji alidhani kwamba kikwazo cha ghala la chakula ni chakula, atulie hapa pamoja nasi. Kilichosumbua si mchele, maana ulikwisha kuahidiwa. Si sheria, maana ilikwisha kutajwa. Bali ni amini, mtu au watu ambao mwenye kutoa atawakabidhi mali asihangaike usiku, na mwenye kupokea asione kwamba ameingizwa katika dini ya mwingine kwa mlango wa sahani. Serikali ilitajwa, nami nafupisha: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huweka mahindi kwa ajili ya upungufu wa nchi na wa mikoa, na miaka ya njaa ya 1973 na 1974 ilitufunza faida ya akiba ya namna hiyo, ila hakuna aliyeona vipi wakala huo utamfikishia wali dada wa mgonjwa mmoja. Mwalimu alipendekeza kamati. Mama Lishe alisema kamati hunywa soda.

BWANA AFYA: Kwenye sanduku la sadaka la msikiti wetu kuna kufuli mbili, na funguo mbili ziko kwa watu wawili wasiopatana sana. Halijapungua hata senti.

HAJI: Kwa hiyo?

BWANA AFYA: Kwa hiyo chumba kiwe cha yeyote, na kufuli ziwe tatu: ufunguo mmoja kwa wafanyabiashara, mmoja kwa jamaa za dini wapokezane kila mwaka, na mmoja kwa akina mama wanaopika. Mlango haufunguliwi ila wote watatu wapo, na siku wanapofungua nami nije kukagua unyevu wa magunia.

MWALIMU: Kila siku wakutane watatu? Wataweza?

BWANA AFYA: Si kila siku. Mara moja kwa wiki, Ijumaa isiwe, Jumapili isiwe.

HAJI: Jumatatu basi, kabla soko halijachangamka. Na mchele wa wiki nzima ugawiwe siku hiyo kwa kila mama kwa kadiri ya tikiti za wiki iliyopita.

MAMA LISHE: Yaani mimi nimlishe mtu wiki nzima kwa mtaji wangu, ndipo Jumatatu nilipwe?

HAJI: Ndivyo biashara ya mali kauli inavyokwenda, mama yangu. Hata mimi mchele nachukua leo nalipa baadaye.

MAMA LISHE: Wewe unakopeshwa kwa sababu una duka. Mimi mwenye mkaa hanikopeshi hata kopo. Wiki ya kwanza mtatanguliza nusu, mchele na fedha, na hiyo nusu itabaki mikononi mwangu kama amana mpaka siku mtakapofunga ghala. Mkikubali, niandikeni namba moja. Msipokubali, mimi kesho saa kumi alfajiri nina maharage ya kuinjika.

Haji alimtazama Mwalimu, Mwalimu akanitazama mimi mwenye kalamu, nami nikaandika: namba moja.